Bi. Mwasiti Swaibu: Miaka Thelathini na Sita, na Mkungu Mmoja wa Gungu

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Mwasiti Swaibu Hamimu, fundi sanifu mkuu wa maabara yetu, atatimiza miaka thelathini na sita ya utumishi, na jioni ya siku hiyo hiyo atastaafu. Aliajiriwa tarehe mosi Julai 1989, akiwa binti wa miaka ishirini na minne. Tangu hapo amewaona wakuu wa kituo watano wakija na kuondoka, amefundisha vijana wa mafunzo kwa vitendo ambao hesabu yao imetushinda, na amevunja pipeti nne, vile virija vya kioo vya kupimia. Hizo nne anazikumbuka kwa tarehe.

Kwa wageni watakaosoma wasifu huu na hawaijui kazi yetu: kituo kiko mlimani, juu ya bandari ya Kigoma, na tunachunguza vijidudu, mimea ya dawa na vimeng'enya. Kimeng'enya ni kitu kidogo sana kilichomo ndani ya kila kiumbe hai, kazi yake kuharakisha mabadiliko. Ndicho kinacholainisha embe likiiva na kinachosaga ugali tumboni. Bi. Mwasiti huwaeleza hivyo wanafunzi wanaotutembelea, kisha huwapa kipande cha mkate watafune muda mrefu mpaka wauone utamu unaoletwa na kimeng'enya cha mate. Watoto wa shule za mtaa wa Mwanga wanaotujua wanatuita "kule kwa mama wa mkate".

Alizaliwa na kukulia Ujiji. Baba yake, Mzee Swaibu, alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Bibi mzaa mama alikuwa Muha wa Kasulu, na kwake ndiko Bi. Mwasiti alikojifunza Kiha chake safi, ambacho mtaona baadaye kilivyotufaa. Alipopata kazi hapa, makoti meupe yaliyokuwepo yalikuwa ya wanaume warefu. Akalipeleka moja Mwanga kwa fundi cherehani aitwaye Ashraf likapunguzwe. Koti lilipunguzwa mara tatu katika mwezi mmoja, ingawa mwenye koti hakuwa amekonda. Mwaka uliofuata walioana. Mpaka leo makoti yote ya maabara hii hushonwa na Bwana Ashraf, na la mkewe ndilo pekee lenye mfuko wa ndani wa penseli.

Majirani wa Kasingirima, alikoolewa, walichukua muda kumwelewa. Mke wa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani na matope ya ziwa kwenye chupa, na akiomba maembe yaliyooza badala ya mazima, alitia watu shaka. Mama mkwe wake ndiye aliyewatuliza. Aliwaambia kwamba mkwewe si mganga, bali analipwa na serikali kuangalia vitu vikioza.

Humu ndani tunamjua kwa usafi wa meza na ukali wa friji. Friji la sampuli si la chakula. Jambo hili limeandikwa mlangoni tangu zamani. Mwaka mmoja mtafiti mgeni alihifadhi humo bakuli lake la samaki wa migebuka. Bi. Mwasiti alichukua pamba, akaigusisha kwenye kile chakula, akaipaka kwenye kisahani cha kuoteshea vijidudu, na baada ya siku mbili akakiweka kisahani hicho kwenye meza ya chai kikiwa kimejaa madoa ya njano, ya kijani na ya kijivu. Juu yake alibandika karatasi yenye jina la mtafiti na neno "Karibuni". Tangu siku ile friji halijaingiwa na chakula.

Hata hivyo, niliombwa kuandika wasifu huu kwa sababu nyingine. Kuna jambo lililotokea mwaka 2001 ambalo watumishi wengi wa sasa hawalijui, na mimi ndiye niliyekuwa upande wa makosa. Nimeona heri nilieleze mwenyewe.

Nilifika kituoni mwaka 2000 nikiwa na miaka ishirini na tisa na shahada ya pili ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Kazi kubwa ya kwanza niliyopewa ilihusu mawese. Kikundi cha wanawake wa Gungu, arobaini na mmoja kwa idadi, kikiongozwa na Mama Catherine, kilikuwa kikikamua mawese na kumuuzia mnunuzi mmoja wa mafuta. Mnunuzi akalalamika kwamba mafuta yanachacha mno na hayafai. Aliomba kituo kichunguze sababu, na akasema wazi kwamba kama kosa ni la kikundi, atakiacha na kutafuta wengine.

Nilimtuma Bi. Mwasiti akachukue sampuli. Yeye ndiye aliyepima uchachu na ndiye aliyeotesha vijidudu vilivyokuwemo. Kazi hiyo si rahisi kama inavyosikika. Uchachu hupimwa kwa kudondoshea mafuta tone baada ya tone la kostiki, yaani magadi makali ya maabara, hadi rangi ya waridi itokee na isipotee. Sasa mawese yenyewe ni mekundu. Kuitambua waridi ndani ya wekundu kunahitaji jicho, na jicho hilo alikuwa nalo yeye peke yake. Aliyazimua mafuta kwa spiriti, akainua chupa mbele ya karatasi nyeupe dirishani, na mkono wake haukutikisika.

Namba zake zilionyesha uchachu mkubwa, na visahani vyake vilionyesha bakteria na ukungu kwa wingi. Mimi nikaunganisha mawili hayo kwa haraka. Niliandika ripoti iliyosema kwamba mafuta yanaharibiwa na vijidudu vinavyotokana na uchafu wa vyombo na mazingira ya wakamuaji. Sikuwa nimefika Gungu hata mara moja. Kwa lugha nyepesi, niliandika kwamba wanawake arobaini na mmoja ni wachafu.

Mkuu wa kituo wakati ule alikuwa Mzee Bonaventura, Mungu amrehemu, mtu mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti. Alikuwa na utaratibu mmoja asioupindisha: ripoti isitoke bila sahihi mbili, ya mtafiti na ya aliyepima. Siku ya Jumatano niliipeleka ripoti mezani kwa Bi. Mwasiti ili asaini. Aliisoma yote, akairudisha mwanzo akaisoma tena, kisha akaiweka mbele yangu bila kusaini.

"Bwana Telesphory," akasema, "namba hizi nimezipima mimi na ni za kweli. Maneno yaliyo chini ya namba ndiyo sijayapima."

Nilimuuliza anataka kusema nini. Akanieleza kwa utulivu kwamba alipokwenda Gungu alikuta vyombo vimesuguliwa kwa mchanga na majivu hadi vinang'aa. Alichokiona yeye ni kitu kingine. Mikungu ya chikichi ilikuwa imelundikwa chini ya magunia yaliyoloweshwa, na Mama Catherine alimwambia kwamba huachwa hivyo siku tano ili tunda liachie kwenye mkungu kirahisi. Ndipo huchemshwa na kukamuliwa. Matunda yalikuwa yameminyana na kupondeka humo kwenye lundo. Nyumbani kwake Kasingirima, mama mkwe wake hukamua mawese ya kupikia siku ile ile mkungu unapokatwa, kwa vyombo ambavyo, aliomba radhi kusema, havilingani kwa usafi na vile vya Gungu, na mafuta yake hukaa miezi bila kuchacha. Kwa maoni yake, mharibifu hakutoka nje. Alikuwemo ndani ya tunda lenyewe: kimeng'enya kinachoamka tunda likipondeka na kuanza kuyavunja mafuta, na ambacho hufa tunda likichemshwa.

Aliomba siku chache ajaribu.

Nilichomjibu nakikumbuka neno kwa neno, na nakiandika hapa kwa aibu. Nilimwambia, "Kazi yako ni kupima. Kufikiri niachie mimi." Alikuwa na cheti tu wakati ule, nami nikamkumbusha hilo pia.

Kulikuwa na jambo jingine juu ya meza hiyo, ingawa hakuna aliyelitaja. Bi. Mwasiti alikuwa amependekezwa kwenda Dar es Salaam kusomea stashahada kuanzia Septemba. Ilibakia barua ya mtafiti anayefanya naye kazi, na mtafiti huyo nilikuwa mimi. Alijua hivyo vizuri kabisa alipoirudisha ile ripoti bila sahihi.

Nilikwenda kwa Mzee Bonaventura nikitegemea amwamuru. Alinisikiliza hadi mwisho, akamwita Bi. Mwasiti, akamsikiliza naye. Kisha akasema kwamba aliyepima asiposaini, kituo hakina ripoti, na kwamba mnunuzi atasubiri wiki moja. Hakutoa hotuba.

Ijumaa asubuhi Bi. Mwasiti alikwenda Gungu akarudi na mkungu mmoja mkubwa uliokatwa muda huo huo, ameupakata kwenye baiskeli ya kukodi. Aliyaosha matunda kwa dawa ya klorini, akayagawa mafungu manne. Fungu la kwanza alilichemsha papo hapo na kulihifadhi safi. La pili alilichemsha vilevile, kisha akalipaka udongo na masalia aliyoyakwangua kwenye pipa la kikundi. La tatu hakulichemsha. Alilipondaponda kwa mchi uliosafishwa kwa spiriti na kulifunika kwenye chombo kisicho na kijidudu. La nne alilipondaponda, akalipaka uchafu ule ule, wala hakulichemsha. Yote manne akayaweka pamoja kwenye kabati moja la umeme la kutunza joto, akalifunga. Siku ya tatu umeme ulikatika asubuhi hadi alasiri, na mimi, nakiri, nilifurahi kidogo. Yeye hakujali. Alisema joto limepungua kwa mafungu yote sawa.

Jumatano iliyofuata alikamua mafuta ya kila fungu na kuyajaza kwenye chupa mbili mbili. Chupa zikawa nane, zikiwa na herufi tu. Orodha ya herufi aliifunga kwenye bahasha na kumkabidhi Mzee Bonaventura. Halafu akanijia, akanipa mkononi mrija wa kudondoshea kostiki, akaniambia nipime mimi.

Nilimwambia sina jicho lake. Akasema nisiogope, atasimama nyuma yangu, na kwamba namba nikizitoa mwenyewe nitaziamini.

Nikapima chupa zote nane, kuanzia saa tatu hadi karibu saa saba mchana, mbele ya karatasi nyeupe dirishani. Chupa nne zilikuwa na uchachu mdogo sana, chini ya asilimia tatu na nusu. Nne zilikuwa juu mno, kati ya kumi na nane na ishirini na mbili. Kwa akili yangu, zile za juu zilikuwa lazima ziwe za mafungu mawili yaliyopakwa uchafu, na nikaanza kujiandaa kuwa muungwana katika ushindi wangu. Mzee Bonaventura akafungua bahasha, akasoma herufi moja moja.

Mafuta ya matunda yaliyochemshwa mapema yalikuwa mazima hata yale yaliyopakwa udongo. Ya matunda yasiyochemshwa yalikuwa yamechacha hata yale yaliyokaa safi kama maji ya mvua. Uchafu uliongeza asilimia mbili tu.

Mzee Bonaventura akaikunja karatasi na kuitia mfukoni, akaniuliza kama ningependa kuiandika upya ripoti au aiandike mtu mwingine. Nikasema nitaiandika. Bi. Mwasiti alikuwa tayari anaosha chupa.

Ripoti mpya ilikuwa na kurasa tatu badala ya kumi na moja, na ilikuwa na sahihi mbili. Tuliipeleka pia Gungu, wote watatu, na kwa kuwa baadhi ya akina mama walikuwa wakielewa Kiha zaidi ya Kiswahili changu cha chuoni, Bi. Mwasiti ndiye aliyeieleza. Aliwashauri wasilundike tena mikungu. Waipasue kwa shoka vipande vipande siku inapokatwa, wayachemshe matunda siku hiyo hiyo, hata kama kuyachambua kutakuwa na taabu zaidi. Wanakikundi walikuwa wameshasikia uvumi wa ripoti ya kwanza. Habari Kigoma hazihitaji posta.

"Kwa hiyo hatukuwa wachafu," Mama Catherine akasema.

"Hamkuwa wachafu," Bi. Mwasiti akamjibu. "Mlikuwa mnasubiri."

Akina mama wakacheka, mmoja akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mnunuzi hakuwaacha. Msimu uliofuata alichukua mafuta yao yote, na kikundi hicho kipo mpaka leo, kikiongozwa sasa na binti yake Mama Catherine, aitwaye Frida.

Ningependa kuishia hapo, lakini haitakuwa kweli. Ile barua ya masomo niliiandika siku mbili baada ya safari ya Gungu, kisha nikaiacha kwenye droo yangu. Nilijiambia kwamba nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado nauguza kidonda cha majivuno. Ilikaa humo wiki mbili na nusu, na nilipoituma muda ulikuwa umepita. Nafasi ilikwenda kwa mtu wa kituo kingine. Bi. Mwasiti aliambiwa barua ilichelewa njiani. Aliitikia tu, akarudi kwenye hadubini yake.

Alikwenda mwaka uliofuata, 2002. Kwa kuwa mwaka ulikuwa umepita, hakwenda peke yake. Mtoto wake wa mwisho, Ikram, alikuwa na miezi minne. Bi. Mwasiti alipanda treni na mtoto mgongoni na sanduku la vitabu kichwani, dada yake mdogo akimsindikiza kumlelea. Wanachuo wenzake walimpachika Ikram jina la "mwanafunzi wa akiba". Alirudi mwaka 2004 akiwa wa pili katika darasa lake, na Ikram akiwa ameshajua kusema "usiguse".

Yaliyofuata wengi wenu mnayajua, kwa hiyo nitayapitia haraka. Ndiye aliyeanzisha hazina yetu ya vijidudu: aina mia nne na kumi na mbili, kutoka matope ya ziwa, maganda ya mihogo, mizinga ya nyuki na majalala ya mawese, kila kimoja kikiwa na lebo ya mwandiko wake wa mviringo. Ukungu mmoja kati ya hizo, alioukuta kwenye shimo la maji taka la wakamuaji, una kimeng'enya kinachoyala masalia ya mafuta, na leo unatumika kusafisha maji hayo kabla hayajateremka ziwani. Alipima pia mimea themanini na saba iliyoletwa na waganga wa jadi wa mkoa huu. Mingi haikuua kijidudu hata kimoja kwenye visahani vyetu. Hakumwandikia mganga yeyote barua. Aliwafuata mmoja mmoja, akakaa nao, akawaeleza alichokiona na asichokiona. Nadhani ndiyo maana bado wanatuletea.

Tumemuuliza atafanya nini kuanzia Julai. Amesema wiki ya kwanza atalala. Baada ya hapo atatengeneza siki ya ndizi nyumbani, kwani ana aina ya bakteria anaoamini kwamba watu wa Ujiji watawapenda. Bwana Ashraf ameomba kituo kimsaidie mawazo, kwa sababu nyumba yake ya Kasingirima imeshajaa chupa na bado mkewe hajastaafu.

Wiki iliyopita nilimpelekea rasimu ya wasifu huu aipitie. Sikuwa nimewahi kumwambia kuhusu droo. Kwa miaka ishirini na minne nilidhani anaamini habari ya barua iliyochelewa njiani, na nilikuwa nimeamua kwamba asome mwenyewe, kwani nilikosa ujasiri wa kumtamkia. Alikaa nayo siku mbili. Alipoirudisha, alikuwa ameisahihisha kwa penseli kama anavyosahihisha daftari za vijana. Wanawake wa Gungu, mimi niliandika arobaini. Yeye akaandika arobaini na mmoja. Nafasi yake chuoni, mimi niliandika wa kwanza; yeye akaandika wa pili. Pale kwenye aya ya droo hakukata kitu. Pembeni ameandika kwa mwandiko ule ule wa mviringo:

"Hili nililijua mwaka ule ule; chuo kiliirudisha bahasha, na tarehe ilikuwa kwenye muhuri wa posta. Liache libaki. Vijana walisome."

Limebaki, Bi. Mwasiti, kama ulivyoagiza.

Kwa niaba ya watumishi wote wa kituo, na ya akina mama wa Gungu waliotuma salamu zao, na kwa niaba yangu mwenyewe ambaye nina deni la kukuomba radhi mbele za watu na leo nalilipa: asante kwa jicho lako, na kwa siku ile uliyokataa kusaini. Mungu akujalie afya na pumziko jema wewe na Bwana Ashraf, wajukuu wakuzunguke, na siki ikukubali. Mlango wa maabara uko wazi kwako siku yoyote. Maisha mema, dada yetu.

Dkt. Telesphory Ruhaza
Idara ya Vimeng'enya